Gita Kama Msemaji: Uhakiki wa "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco

Kiswahili cha Kasongo na Kabambare, kilichoingia Maniema kwa misafara ya karne ya 19, ni ndugu wa Kiswahili cha Katanga alichoimbia Mwenda Jean Bosco (1930-1990). Kwa hiyo ni rahisi mhakiki wa lugha kuishughulikia "Masanga", iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville (Likasi ya leo), kama matini ya maneno tu. Huko ni kuipunja.

Mwenda hupiga kwa vidole viwili. Dole gumba hushika besi. Kidole cha shahada hujenga sauti za juu. Mtu mmoja hufanya kazi ya watatu. Gita hutangulia, huuliza na kujibu. Sauti ya mwimbaji huja baadaye, kama mgeni aliyekuta mazungumzo yamekwisha anza.

Kasoro ipo: santuri za wakati ule, zenye takriban dakika tatu kila upande, ziliyakatiza maendelezo ya dhamira hiyo ya muziki. Hata hivyo, mwanafunzi atakayenakili maneno peke yake atakuwa ameiacha nusu ya kazi, tena ile nusu inayoyapa maneno uzito wake.