Maji Yasiyo Maji: Uhakiki wa Istilahi za Trekta la Kujiundia

Istilahi nyingi zinazojadiliwa katika kurasa kama hizi hupimwa kwa kalamu: je, neno lina sauti ya Kiswahili, lanyambulika, laingia katika ngeli bila taabu? Kipimo hicho ni cha haki. Lakini lipo kundi la istilahi ambalo hupimwa na kitu kingine, nacho ni mkono wa mtu aliyelala chini ya chuma. Istilahi za mitambo zimo katika kundi hilo. Nitazihakiki hapa kwa kuutumia mswada mmoja niliopewa niupitie kabla haujapelekwa kwa mchapaji. Mwandishi wake simtaji, maana kazi bado haijatoka na yote nitakayoyalalamikia yanaweza kusahihishwa.

Mswada wenyewe ni mwongozo uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, nao unamfundisha fundi kuunda trekta dogo kwa vyuma vya magari makuukuu. Trekta hilo lina nusu mbili zilizoungwa katikati. Kila nusu ina ekseli yake, na zote mbili huvuta. Magurudumu hayageuki kwa stelingi kama ya gari; mwili mzima ndio unaopinda katikati, ukisukumwa na silinda mbili, moja kila upande. Injini haiungwi na magurudumu kwa giaboksi bali huzungusha pampu, pampu husukuma oili katika mipira migumu, na oili huzungusha mota. Ni kazi iwezekanayo kwa mtu mwenye mashine ya kuchomelea, subira, na mahali pa kuokota difu mbili nzima.

Kiswahili cha mtafsiri ni laini, na mahali pengine ni kizuri. Taabu yake ni moja tu, ila imeenea kitabu kizima: ameyatafuta maana ya maneno katika historia ya neno la kigeni, hakuyatafuta katika kazi ya kile kifaa.

Tuanze na jina. Mswada unakiita chombo hiki "trekta la kienyeji". Kienyeji kwa kuku ni sifa; kwa mashine ni dharau, nayo yamwambia msomaji kwamba anaunda kitu cha kujikimu hadi apate cha kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Minnesota, Marekani, ndugu wawili wa ukoo wa Steiger pamoja na baba yao waliunda trekta kubwa la namna hii hii katika banda la ng'ombe shambani kwao. Majirani wakataka nao waundiwe, banda likawa karakana, karakana ikawa kiwanda, na jina la Steiger lingali likibandikwa juu ya matrekta yenye kupinda katikati. Hilo nalo tuliite la kienyeji? Kiswahili kina kitenzi kuunda, ambacho watu wa pwani wamekitumia tangu zamani kwa majahazi, na hakuna aliyelidharau jahazi kwa kuwa limeundwa ufukweni badala ya kiwandani. "Trekta la kujiundia" latosha, tena lina heshima.

Sasa neno lenyewe lililonifanya niandike. Mfumo wote wa pampu, mipira na silinda mtafsiri ameuita "mfumo wa nguvu-maji". Najua alikolitoa. Neno la kigeni lina asili ya Kiyunani, na ndani yake mna maji. Joseph Bramah, Mwingereza aliyepata hataza ya shinikizo lake mwaka 1795, alitumia maji kweli. Lakini trekta hili halina tone la maji katika mfumo huo, wala halitakiwi kuwa nalo. Hutumia oili kwa sababu oili hulainisha vyuma visagavyo ndani ya pampu, haitii kutu, na haichemki upesi. Fundi akilitii neno "nguvu-maji" kama lilivyo, akajaza tangi kwa ndoo ya kisimani, pampu itaharibika bila kuchelewa. Nani atalaumiwa, fundi au kamusi?

Isitoshe, nguvu za maji ni jina lenye mwenyewe. Ndizo zinazofua umeme Kidatu na Mtera. Mwanafunzi aliyelisoma neno hilo darasani kwa maana ya mto na bwawa ataliona katika kitabu cha trekta na kutafuta mto.

Wapo waliopendekeza tuseme "mfumo wa mafuta". Hawa wamekaribia ukweli wa kifaa lakini wamesahau kwamba mafuta kwa dereva ni dizeli. Sentensi isemayo "hakikisha mafuta yametosha" katika mashine yenye tangi mbili ni mtego. Nionavyo mimi, neno haidroli, ambalo mafundi wanalo midomoni tayari, halina haja ya kuonewa haya. Tuseme mfumo wa haidroli, pampu ya haidroli, oili ya haidroli. Neno la kukopa lisilo na maana ya awali katika lugha yetu halimdanganyi mtu, humtaka ajifunze.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, ingawa halionekani upesi. Neno "nguvu" limebebeshwa mzigo wa maneno manne. Katika ukurasa mmoja nimelikuta kwa maana ya kani, kwa maana ya presha, kwa maana ya wingi wa oili itolewayo na pampu, na kwa uwezo wa injini. Mifano ya hesabu itaonyesha gharama yake. Chukua silinda ambayo pistoni yake ina kipenyo cha sentimita 5. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 19.6. Presha ikiwa kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba, silinda husukuma kwa kani ya karibu tani 3. Pampu ikitoa lita 20 kwa dakika, mwendo wa sentimita 30 utakwisha chini ya sekunde 2. Sasa mswada unasema kwamba trekta likishindwa kupinda chini ya mzigo, fundi atafute "pampu yenye nguvu zaidi". Atakwenda kununua ya lita 40. Silinda itatembea kwa kasi maradufu, lakini kani itabaki tani zile zile 3, maana kasi hutokana na wingi wa oili, na kani hutokana na presha na eneo. Trekta halitapinda, na injini iliyotosha jana itazimika leo. Mtu ametumia akiba ya mavuno kwa sababu ya neno.

Wanafizikia wetu walikwisha kutupatia "kanieneo", na ni neno nililolipenda tangu nilipolisikia, kwa kuwa limebeba kanuni yake mgongoni: kani juu ya eneo. Silishurutishi katika karakana. Anayetaka kusema presha na aseme presha, mradi kitabu kisiruke kutoka moja hadi nyingine bila kumwambia msomaji kwamba ni kitu kimoja. Ila "nguvu" peke yake haifai kabisa.

Kutoka hapo ni hatua moja hadi kwenye valvu. Ipo valvu ambayo kazi yake ni kufunguka presha inapozidi kiasi na kurudisha oili tangini, ili kitu kisipasuke. Mswada unaiita "valvu ya kupunguzia presha". Bahati mbaya ipo valvu nyingine, tofauti kabisa, ambayo ndiyo hasa hupunguza presha kwa ajili ya tawi moja la mfumo huku pampu ikiendelea kusukuma bila ya mlinzi. Mwenye duka atauza kile alichoombwa. Watu wa mitambo ya mvuke husema valvu ya usalama, nami sioni tulichokosa hata tukaunda jina jipya.

Nakuja kwenye umbo la trekta, ambako mtafsiri alipata taabu ya kweli nami namhurumia. Neno la Kiingereza alilokutana nalo lina maana mbili, ya kuungwa kwa viungo na ya kutamka vizuri, na kamusi ndogo hutaja ya pili kwanza. Alikwepa shimo hilo, tumshukuru. Trekta lenye matamshi lingetuchekesha mwaka mzima. Akaandika "trekta la viungo". Lakini viungo ni vingi katika kila mashine, na sokoni huuzwa kwa mizani pamoja na bizari.

Wakazi wa Dar es Salaam waliyapanda kwa miaka mingi mabasi marefu ya Ikarus, kutoka Hungaria, yaliyokuwa yakipinda katikati. Waliyaita kumbakumba, kwa jinsi yalivyozoa abiria. Mabasi marefu yaliyoanza mwaka 2016 wakayaita mwendokasi. Abiria hana haja na kile kiungo; hutaja kinachomgusa. Fundi ndiye mwenye haja, na ndiye hakuulizwa.

Nampendekezea "kiuno". Lugha yetu ina mdomo wa birika, mguu wa meza, shingo ya mtungi na meno ya gurudumu, basi mashine yenye kupinda katikati na iwe na kiuno. Watakaocheka wakikumbuka ngoma, wacheke. Ndani ya kiuno vitofautishwe vitu viwili ambavyo mswada umevichanganya. Kwanza ni bawaba, yenye pini zilizosimama wima, inayoruhusu trekta kupinda kulia na kushoto. Pili ni mhimili wa kubembea, uliolala kwa urefu wa trekta, unaoruhusu nusu moja kuinama upande mmoja ardhi inapokuwa na makorongo, ili magurudumu yote 4 yaendelee kukanyaga. Asiyejua kwamba ni viwili ataunda kimoja, na trekta lake litaning'iniza gurudumu kila litakapovuka tuta. Nusu ya nyuma nayo isiitwe tela. Tela huvutwa, hii huvuta.

Kiuno pia ni mahali pa kufia. Injini ikiwa hai na mtu akasimama kati ya nusu mbili, kuguswa kidogo kwa stelingi kwatosha kumbana. Kwa hiyo hutakiwa chuma cha kukifunga kiuno kisipinde wakati wa matengenezo. Mtafsiri amekiita "kifaa cha kuzuia mzunguko", jina ambalo hakuna atakayelipaza sauti kwa haraka. Komeo la kiuno: kila mtoto ajua komeo la mlango hufanya nini.

Nimeacha mwisho ukurasa unaohusu mipira. Mswada unaagiza kwamba mfumo "ukivuja", fundi apapase mpira hadi apate penye unyevu. Kuvuja kwa Mswahili ni paa la makuti na sufuria chini yake. Oili yenye presha ya kilo 150 ikitoka katika tundu la kiasi cha ncha ya sindano haivuji. Hufoka, aghalabu bila kuonekana, na hupenya ngozi kama sindano yenyewe. Kidonda huwa kidogo na maumivu ya kwanza machache, mtu akafuta mkono akaendelea na kazi, ilhali oili imo ndani ikiua nyama. Bila kupasuliwa mapema na daktari, kidole au mkono waweza kukatwa. Penye kufoka hutafutwa kwa kipande cha kadibodi kilichoshikwa mbali, na matengenezo hufanywa baada ya injini kuzimwa na presha kutolewa.

Ukurasa huo nimeutia mstari mwekundu wote na kuomba uandikwe upya kabla ya kingine chochote. Kiuno, bawaba na valvu vinaweza kungoja kikao.