Kusafisha Filamu: Kasoro za Tafsiri Moja

Tumeletewa, ili tuikague, tafsiri ya Kiswahili ya mwongozo mfupi wa kusafisha kwa mkono filamu za picha nyeusi na nyeupe. Kabla ya kufika mezani petu, muswada huo ulikuwa umekwisha tumika kufundishia vikundi viwili vya walimu na vijana, kimoja Kibaha na kingine Kisarawe. Tulikwenda kuwasikiliza walioutumia, kwani istilahi ambayo haijapita mikononi mwa mtumiaji ni vigumu kuiamini.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wa studio husema “kusafisha picha”, nasi hatuoni sababu ya kulifukuza neno lililokwisha kaa midomoni mwa watu. Mfasiri naye amelishika. Kosa lake ni kulibebesha kazi tatu: kuitia filamu katika dawa ya kwanza, kuiosha kwa maji, na kuchapa picha kwenye karatasi. Kwa mteja aliyekuwa akingoja picha zake za pasipoti, tofauti hizo hazikuwa na maana. Kwa aliyemo ndani ya chumba cha giza, ndizo kazi yenyewe.

Yaliyotokea Kisarawe yanatosha kuonyesha hivyo. Mwongozo wasema kwamba “picha husafishwa katika mwanga wa taa nyekundu”. Maneno hayo ni kweli kwa karatasi ya kuchapia, ambayo kwa kawaida haiathiriwi na mwanga huo. Lakini filamu zitumikazo zaidi leo huathiriwa na mwanga wa rangi zote, nyekundu ikiwamo, nazo hutaka giza totoro mpaka zimefungiwa ndani ya tangi. Mwalimu mmoja, akiamini kwamba picha ni picha, aliifungua filamu yake chini ya taa nyekundu, akaiviringisha bila haraka. Ilipotoka katika dawa ilikuwa nyeusi tii toka mwanzo hadi mwisho. Humo mlikuwamo picha 36 za wanafunzi wa darasa la saba, zilizopigwa siku yao ya mwisho shuleni, na watoto hao sasa wametawanyika. Alituonyesha ule utepe mweusi, ameuhifadhi katika bahasha. Hakumlaumu mfasiri. Sisi twamlaumu, na twajilaumu wenyewe pia, maana orodha ya istilahi ambayo ingemwongoza hatukuwa tumeitoa.

Twapendekeza “kusafisha” libaki jina la kazi nzima ya filamu, toka gizani hadi inapoanikwa, na “kuchapa” litumike kwa karatasi. Hatua ya dawa ya kwanza iitwe “kuibua”. Mwanga unapoipiga filamu, chembe za chumvi ya fedha zilizomo katika gelatini huathirika, lakini jicho halioni kitu. Picha ipo, ila imejificha. Dawa huzigeuza chembe zilizopigwa na mwanga kuwa fedha yenyewe, ambayo hapo huonekana nyeusi, na picha ikaibuka. Mfasiri wetu ameiita dawa hiyo “mwendelezaji”, akifuata Kiingereza, ambamo kitenzi kimoja hubeba maendeleo ya nchi na dawa ya filamu. Basi twasoma kwamba “mwendelezaji amwagwe baada ya dakika kumi”. Kibaha walicheka sana, wakauliza kama ni afisa wa wilaya au wa kata.

Kosa la aina ile ile limeingia katika hatua inayofuata, na hili halichekeshi. Ameiita “kurekebisha”. Kijana mmoja alifungua tangi, akaona taswira zimetoka, akaamua kwamba hakuna la kurekebisha, akaipeleka filamu majini moja kwa moja. Chumvi ya fedha ambayo haikuibuliwa ilibaki humo kama utando wa maziwa, nayo huendelea kubadilika kila ipatapo mwanga. Kazi ya dawa hii ni kuiyeyusha chumvi hiyo ili picha idumu. Kwa hiyo twapendekeza “kudumisha”, na “dawa ya kudumishia”. Aliyegundua kwamba dawa hiyo, thiosulfati ya sodiamu, huyeyusha chumvi za fedha ni Mwingereza John Herschel, mwaka 1819. Na mwaka 1839 ikaingia katika upigaji picha. Herschel huyo huyo, mwaka 1840, ndiye aliyezipa picha majina tunayoyaita leo hasi na chanya. Wapiga picha wa Kizungu huifupisha dawa hiyo kwa jina la zamani, ambalo likiandikwa kwa matamshi yetu huwa “haipo”. Mfasiri ameliandika hivyo hivyo. Msomaji anayeambiwa “sasa tia haipo” atie nini?

Mahali pengine tafsiri ni aminifu na bado inapotosha. Mwongozo wa asili uliandikiwa nchi za baridi. Hutaka dawa iwe nyuzi 20, kisha husema “tumia maji ya bomba”. Maji ya bomba ya Kibaha hupita hapo kwa urahisi, na dawa yenye joto hufanya kazi upesi: muda wa dakika 10 katika nyuzi 20 hushuka kuwa kama 7 katika nyuzi 24. Mfasiri alipaswa kuongeza sentensi moja tu juu ya beseni la barafu. Vivyo hivyo “maji yatiririkayo kwa nusu saa”: Kisarawe tulikuta maji ya mafunzo yamo katika ndoo. Ikiwa dawa ya kudumishia ni ya aina ifanyayo kazi haraka na isiyokaza gelatini, yatosha kujaza tangi na kulipindua mara 5, kubadili maji na kupindua mara 10, kubadili tena na kupindua mara 20. Tumeandika “kupindua”, mfasiri ameandika “kuchochea”, kana kwamba ni moto au ugomvi.

Twamsifu kwa “chumba cha giza”, kwa “tangi”, na kwa kuiacha “negativu” kama ilivyozoeleka kando ya “picha hasi”. Limebaki jina la dawa ya kati, ile ya kukomesha kuibuka. Sisi tulikuwa tumeandaa “kikomeshi”. Kibaha wao hutumia siki ya jikoni iliyozimuliwa kwa maji, na huiita “maji ya siki”. Tumelifuta letu.