Nyamuma: Pendekezo la Tume Lilipopata Meno

Mwananchi wa Tanzania aliyeonewa na ofisi ya umma anaweza kupeleka lalamiko lake, bila kulipa ada, kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 7 ya 2001. Swali linaloulizwa kila mara ni hili: Tume ikishasema, nani atatii? Shauri la Nyamuma linatoa jibu.

Oktoba 2001 wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, walitimuliwa na nyumba zao zikachomwa moto. Walalamikaji 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakaenda Tume.

Hatua ya kwanza ni kupima mamlaka. Tume haimchunguzi Rais, wala haigusi jambo lililoko mahakamani. Lalamiko likipita hapo, Tume inaweza kuita mashahidi na kudai nyaraka. Uwezo huo una thamani kubwa, kwa kuwa ushahidi mwingi hukaa kwenye mafaili ya ofisi ileile inayolalamikiwa, na mkulima hana njia ya kuufikia. Baada ya kuchunguza, Tume iliona haki za wanakijiji zimevunjwa, ikapendekeza walipwe fidia.

Serikali ikakataa.

Zamani safari ingeishia hapo. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoundwa 1966 na ikawa ya kwanza ya aina yake Afrika, ilipeleka ripoti kwa Rais, na neno la mwisho likawa lake. Kifungu cha 28 cha sheria ya sasa kimeongeza hatua: hatua za kutosha zisipochukuliwa katika muda uliowekwa, Tume inaweza kufungua shauri mahakamani au kumshauri mwingine anayestahili afungue. Kituo kilifungua. Mahakama Kuu haikukubali hoja zake, lakini mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kwa amri ya mahakama.

Ushindi huo una kasoro moja kubwa: aliyekwisha kuthibitisha kuonewa kwake analazimika kuanza safari nyingine ya kisheria, yenye gharama na mawakili. Mzigo huo haumfai mnyonge. Pendekezo linapopuuzwa, Tume yenyewe ndiyo inayopaswa kwenda mahakamani, na Bunge liipe fedha za kuifanya kazi hiyo.