Muziki wa Kinshasa na Mawe ya Majina

Wasomaji wetu wengi wa Katanga na Kivu wanaujua muziki wa Kinshasa kwa redio, na siku hizi kwa simu. Lakini wimbo wa redioni umekwisha kupangwa, una mwanzo wake na mwisho wake. Orkestra ipigayo mbele ya watu ni jambo jingine. Basi tulipokwenda mji mkuu pamoja na rafiki yetu, mpiga gitaa wa kwaya ya parokia huku Lubumbashi, tuliazimu kuzunguka Matonge jioni nne mfululizo, katika komini ya Kalamu, jirani na uwanja wa Victoire, tusikie wenyewe. Mwenzetu ajua Lingala kutupita. Sisi tunayo ile kidogo tuliyookota kwa wenzetu wa seminari.

Tuanze na sifa, maana zinastahili. Mtu asiyepata kukaa karibu na magitaa ya Kinshasa hajui yanavyofanya kazi. Gitaa la akompa hushika mwendo chini; gitaa la solo huimba juu; na katikati kuna lile waitalo mi-solo, ambalo kazi yake ni kujaza nafasi wanazoacha hayo mawili. Kila mmoja apiga sauti chache tu, zile zile, bila kuchoka, na kumbe zikikutana unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeupiga. Jioni ya kwanza yote mwenzetu alikuwa akitazama vidole vya mpiga mi-solo, wala hakuigusa chupa yake. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, ya Kinshasa na ya Brazzaville pamoja, katika urithi wa wanadamu wote. Kwa magitaa yale, tunasema ni haki.

Wimbo una sehemu mbili. Kwanza ni maneno, polepole, waimbaji wakipokezana. Kisha ni sebene, magitaa yanapokimbia na watu wanapoacha viti. Zamani za Joseph Kabasele na African Jazz, iliyoanza mwaka 1953, maneno ndiyo yaliyokuwa wimbo, na sebene ilikuwa mkia wake. Siku hizi mkia umemshinda ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Zaïko Langa Langa, aliingia mtu mpya, yaani atalaku, mwenye kupaza sauti ili kuwaamsha wachezaji. Jina hilo latoka katika Kikongo, maana yake ni kama kusema: tazama hapa. Mkononi hushika kayamba iliyofanywa kwa kopo la dawa ya wadudu. Huyo hatumlaumu. Atalaku hodari huchekesha, tena hujua saa ya kunyamaza.

Kinachotusumbua ni majina. Watu wa Kinshasa husema kurusha jiwe, libanga, na yakiwa mengi, mabanga. Mtu mwenye fedha ampa mwimbaji kitu, naye mwimbaji alitaja jina lake ndani ya wimbo. Jioni ya pili, katika nganda moja, mwenzetu alihesabu majina 31 katika wimbo mmoja. Wimbo huo ulikuwa wa kumlilia mwenzao aliyefariki. Mwimbaji alikuwa akiuliza ni nani atakayewalea watoto wa marehemu, na sauti yake ilitetemeka kweli, hata mama mmoja meza ya pili akainamisha kichwa. Papo hapo bwana mmoja mnene alisimama, akambandika noti kwenye paji la uso. Mwimbaji akatabasamu, akalirusha jina la bwana yule na la duka lake, halafu akarudi kulia. Watu walicheka. Yule mama aliinua kichwa, akatafuta mkoba wake.

Njiani mwenzetu aliwatetea. Alisema sahani hazinunuliwi tena, na wimbo huibwa siku ile ile unapotoka. Alisema vyombo ni vya mkubwa wa orkestra, na kijana aimbaye nyuma aweza kurudi kwao kwa miguu usiku wa manane, akiwa na nauli tu au bila hiyo. Jiwe moja ni unga wa wiki. Haya yote ni kweli, wala hatuwezi kumwambia mwenye njaa aache mkate kwa ajili ya uzuri wa wimbo.

Lakini fedha si neno zima. Franco mwenyewe, mwaka 1973, aliimba Azda, wimbo wa kusifu kampuni iliyouza magari ya Volkswagen. Ni tangazo la biashara tangu mwanzo hadi mwisho, na watu wanaupenda hata leo. Kwa nini? Kwa sababu Franco hakuficha: wimbo ulitungwa kwa jambo hilo, nao haukumvunjia mtu machozi yake. Kuuza wimbo ni kazi. Kuuza kilio cha mtu katikati, hapo tunakataa, na mwenzetu hakupata jibu, ila alisema tungojee hadi sisi wenyewe tulale na njaa Kinshasa.

Sisi watu wa Swahili tusijione. Ni kweli kwamba Jean Bosco Mwenda, aliyeandikwa na Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, alitosha peke yake na gitaa moja, kidole gumba na cha shahada. Lakini tumekwisha kusikia kwaya ikikatiza wimbo wa shukrani ili kutaja waliotoa fedha nyingi.

Jioni ya nne tuliwakuta wazee watano uani, wamekaa vitini, bila atalaku. Juu ya meza palikuwa na sahani ya bati. Aliyetaka alitia, na hakuna aliyetajwa. Wasikilizaji hawakuzidi kumi. Mwenzetu alitia franka 5,000, kisha akamwomba mzee wa mi-solo amwonyeshe mahali pa kuweka kidole cha pete.