Aliyeumia na Wanaomrudisha Uwanjani

Kisa cha John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyemaliza marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 hali goti limeteguka, husimuliwa vijana wetu kuwa ni ushujaa. Ni ushujaa kweli. Lakini anayekitoa kiwe hoja kwa vijana wa mpira wa Shinyanga na Geita, kwamba aliyeumia arudi mchezoni maadamu timu ziko sare, kiyasi chake si sahihi. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha fika zaidi ya saa nzima kabla ya Akhwari. Hapakuwa na ushindi wa mtu uliongojea mguu wake. Katika mpira wako wengi wanaongoja, na goti haliwaumi wao.

Abu Dawud amepokea kwa Jabir (R.A.) kwamba msafiri mmoja alipasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, kwani maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwalaumu wao kwa kumuua, si yeye. Basi ikiwa katika josho la faradhi hawakuachwa, itakuwaje kwa pointi tatu?

Sheria za mpira humtoa anayevuja damu mpaka mwamuzi aridhike kuwa imekoma. Goti halivuji. Hapo pana haja ya tabibu, naye akisema hapana, kocha asimgeukie mchezaji kumwuliza: kijana wa miaka 20, mji wake mzima ukimtazama pale Kambarage, atajibu ndiyo.