Aliyejikunja na Aliyekunjwa

Katika masomo yake juu ya Waraka kwa Warumi, aliyoyatoa huko Wittenberg mwaka 1515 na 1516, Martin Luther alimweleza mwenye dhambi kuwa ni mtu aliyejikunja kuielekea nafsi yake. Mizizi ya wazo hilo iko kwa Agostino, lakini Luther alilisukuma mbali: mtu huyo huvuta kwake si mali na sifa tu, bali hata mambo ya rohoni. Anafunga, anasali, anatoa sadaka, na katika yote anajitafuta mwenyewe. Mungu anakuwa chombo chake.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya fundisho hili. Linamfikia hata mzee wa kanisa asiyelewa wala kuiba. Mfarisayo wa Luka 18 huenda hakusema uongo alipotaja mifungo na zaka zake; ila sala nzima ilimhusu yeye. Na yule kaka mkubwa wa Luka 15 alikaa nyumbani miaka yote, kumbe moyoni anadai mwana-mbuzi wake.

Hata hivyo nina neno juu ya namna tunavyolitumia. Mwaka 1960 Valerie Saiving, mwanatheolojia wa Marekani, aliandika kwamba wanatheolojia wanaume walichukua jaribu lao wenyewe, yaani kujikweza, wakalifanya kuwa dhambi ya kila mtu. Wanawake wengi, alisema, hujaribiwa upande mwingine: kujipoteza katika mahitaji ya wengine.

Mama huyo tunamjua. Kila msiba yuko jikoni, maji kachota yeye, na Jumapili anahubiriwa ajikane zaidi. Akiomba apumzike anaitwa mbinafsi, tena na watu waliokula alichopika.

Sidhani kwamba Saiving amemshinda Luther. Mtu aweza kujikunja ndani ya utumishi wenyewe, akiamini hakuna mwingine awezaye. Lakini si kila aliyeinama amejiinamisha. Luka 13 inamtaja mwanamke aliyepinda miaka 18, asiyeweza kujinyoosha kabisa. Yesu hakumdai toba. Alimwita, akamwekea mikono, naye akasimama wima akamtukuza Mungu. Mkuu wa sinagogi alipokasirika kwa sababu ya Sabato, Yesu alimjibu kwamba mwanamke huyu ni wa uzao wa Ibrahimu, na kwamba ng'ombe na punda wao hufunguliwa siku hiyohiyo wakanywe maji. Karipio la siku ile lilimwendea mkuu huyo na wenzake.