Mwenye Jembe Aitwe na Penye Shauri

Wasomaji wetu wa milimani na wa bondeni wote wajua salongo ni nini. Njia ikibomoka, mfereji ukiziba, ukuta wa shule ukianguka, watu huitwa waje na majembe, nao huja. Kazi hii ya pamoja ni njema, nasi hatumo miongoni mwa wale wanaoidharau. Lakini leo twataka kuipima serikali ya mahali, ile iliyo karibu na mwananchi kuliko zote. Twauliza: je, inayewaita watu kwa jembe, huwaita pia kwa shauri? Jibu letu ni kwamba haijawaita bado, na madhara yake ni makubwa kuliko watu wadhanivyo.

Tuanze na Rurambo, juu ya milima ya Uvira, magharibi ya bonde la Ruzizi. Huko Wafuliru, Wanyamulenge na wengineo hulima na kufuga. Barabara ya Taifa nambari 5, itokayo Bukavu kwenda Uvira, yapita chini bondeni, kwa Luberizi na Sange. Basi mwanamke wa mlimani mwenye maharagwe ya kuuza hana budi kuyashusha mgongoni mwake. Mvua ikiikata njia, maharagwe hayafiki sokoni, na mama mwenye uchungu wa kuzaa huchukuliwa kwa tipoyi juu ya matope. Kwa mtu wa namna hiyo njia si jambo dogo. Ni chakula, ni dawa, tena pengine ni uhai wenyewe. Kwa hiyo ana haki ya kujua ni nani mwenye wajibu wa kuitengeneza, na kwa fedha gani.

Sheria yajibu vizuri. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yataja serikali nne za mahali zenye uhuru wa kujiendesha: mji, komini, sekta na sheferi, yaani eneo la Mwami. Teritwari ya Uvira ina sheferi tatu: ya Wafuliru, ya Wavira, na ya Bonde la Ruzizi. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 yasema kwamba kila sheferi iwe na Baraza. Mwami hupatikana kwa desturi. Lakini madiwani wa Baraza, ila wachache waongezwao kwa ajili ya desturi, hupigiwa kura na wananchi. Kazi yao ni kupitisha bajeti na kuuliza jinsi fedha zilivyotumika.

Na fedha je? Katiba yaagiza kwamba katika mapato ya taifa, asilimia 40 zibaki katika jimbo zilikokusanywa. Sheria ya 2008 yaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 ziende kwa serikali za mahali. Tuhesabu pamoja. Kila faranga 100, faranga 60 huenda Kinshasa, 24 hubaki kwa jimbo, na 16 hushuka kwa miji, komini, sekta na sheferi. Hesabu hii ni safi kabisa. Lakini fedha zimeendelea kupanda kwanza Kinshasa, kisha hurudi kidogo kidogo, zimechelewa na kupungua. Na Baraza lile la kudai na kuhoji halikupata kuchaguliwa. Taifa lilipiga kura mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023. Katika mara zote hizo madiwani wa sheferi hawakupigiwa kura. Mwaka 2023 walichaguliwa madiwani wa komini, nao katika miji mikuu ya majimbo tu.

Basi serikali ya mahali yafanana na nyumba yenye mlango wa kuingizia kodi, isiyo na dirisha la kutazamia ndani. Mwuzaji alipa ushuru wa soko, mchungaji alipa kwa ajili ya ng'ombe wake, mpita njia alipa kizuizini. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Si vyote vya serikali. Vingine ni vya watu wenye bunduki. Lakini mama mwenye mzigo atatofautishaje ushuru wa halali na unyang'anyi, ikiwa hata ule wa halali haumrudishii hesabu?

Hapo ndipo salongo inapoharibika. Wazee wetu hawakusahau kwamba mwaka 1917 serikali ya Kibelgiji ililazimisha kilimo, hata siku 60 kwa mwaka. Na katika miaka ya 1970, enzi ya Mobutu, salongo yenyewe ilikuwa amri. Mtu aliyeshika jembe kwa kuogopa faini hulima huku akitazama jua. Kazi ile ile, akiisha kushauriwa na kuona faida yake, huifanya kama ya shamba lake. Tofauti haimo katika jembe, imo katika shauri.

Majirani zetu wa Kenya watusaidie kwa mfano. Katiba yao ya 2010 iliunda kaunti 47, nayo yataka zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa karatasi sisi tumeahidiwa fungu kubwa zaidi. Lakini wao walipiga kura mwaka 2013, 2017 na 2022, kuchagua gavana na mwakilishi wa kila wadi. Hatusemi huko hakuna wizi wala ugomvi. Upo, na magazeti yao hujaa habari zake. Twasema tu kwamba mkulima wa huko amjua mtu wa kumwuliza habari za daraja, na baada ya miaka mitano aweza kumwondoa.

Tena kukosa shauri huzaa jambo baya kuliko njia mbovu. Katika milima iliyo kusini yetu, upande wa Fizi, komini ya Minembwe ilisimikwa tarehe 28 Septemba 2020. Kelele zikawa nyingi nchini kote, na tarehe 8 Oktoba Rais Tshisekedi akaifuta. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Lakini ofisi iliyoshuka kutoka juu, bila wenyeji wote kuketi pamoja kwanza, kila kabila huiona kuwa ushindi wake au msiba wake. Ndivyo daftari na mhuri vinavyogeuka kuwa sababu ya mikuki.

Wengine watasema: ni vita. Kweli, Bukavu ilianguka Februari 2025, na vita vikafika Uvira yenyewe Desemba ya mwaka huo. Twawahurumia waliokimbia. Lakini katika miaka ile minne ya kura masanduku yalifika katika teritwari ya Uvira kwa ajili ya Rais na wabunge. Yangaliweza kufika na kwa ajili ya diwani.

Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931 kwamba mkubwa asimnyang'anye mdogo kazi anayoweza kuifanya mwenyewe. Nasi twaongeza: mdogo naye asiwe mkubwa mwingine juu ya walio chini yake. Kwa hiyo, kabla uchaguzi haujafika, machifu wanaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Ushuru wa soko uliokusanywa mwezi huu uandikwe ubaoni, penye macho ya watu. Kabla ya salongo pawe na mkutano, wanawake na vijana wakiwamo, wa kuamua ni njia ipi itengenezwe kwanza. Na pale makabila mawili yanapotumia njia moja, kamati yake iwe ya makabila yote mawili.

Nasi wananchi tusinyamaze. Kuuliza hesabu kwa adabu si uasi. Penye wengi hapaharibiki neno, mradi hao wengi wawe wamealikwa.